Kungojana Tunapojifunza



Matangazo ya kozi za mtandaoni yanayotufikia kwenye simu karibu yote huonyesha picha ya mtu mmoja. Kijana ameketi peke yake mbele ya kompyuta, anatabasamu, na chini ya picha yake imeandikwa kwamba anaweza kusoma popote, saa yoyote, kwa mwendo wake mwenyewe. Ahadi hiyo si ya uongo, lakini ni nusu tu ya habari. Sisi vijana watatu wa Bukavu tulisoma kozi ya namna hiyo mwaka 2025, pamoja na wenzetu watatu ambao hadi leo hatujawaona kwa macho. Humo tuliipata nusu ya pili: mwendo wa mtu peke yake ndio mara nyingi humfanya asifike, na kundi la watu waliotengwa na mipaka, maziwa na mamia ya kilomita hufika likikubali kwenda kwa mwendo wa yule mwenye mtandao dhaifu kuliko wote. Ndilo jambo tunalotaka kulitafakari pamoja nanyi, kwa kuwa wengi wenu mmekwisha kujiandikisha katika kozi hizi, au mnafikiri kufanya hivyo.

Kozi za namna hii zilienea upesi tangu mwaka 2012, pale vyuo vikuu vikubwa vya Marekani vilipoanza kufungua masomo yao kwa yeyote mwenye intaneti, kwa njia ya Coursera na edX. Watu walijiandikisha kwa maelfu, kisha kwa mamilioni. Lakini waliochunguza mambo hayo waliona jambo moja likijirudia: katika kozi nyingi zilizo wazi kwa wote, waliofika mwisho hawakutimia hata mtu mmoja kati ya kila kumi walioanza. Sababu ni nyingi. Wengine walitaka kuchungulia tu, wengine walizidiwa na kazi, wengine walikosa fedha za intaneti. Lakini ipo sababu nyingine ambayo haihitaji uchunguzi mkubwa kuitambua. Mtoto wa Kadutu akiacha kwenda masomoni, mwalimu ataulizia, jirani ataulizia, na kiti chake kitaonekana kitupu darasani. Mtu akiacha kozi ya mtandaoni, hakuna kiti kinachobaki kitupu. Huondoka bila mlango kulia.

Wapo waliolifikiria jambo hilo mapema. Mwaka 2010 Wajesuiti walianzisha mpango wa elimu ya juu kwa watu walio pembezoni, ambao leo unajulikana kwa jina la Jesuit Worldwide Learning. Walianza katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini-magharibi mwa Kenya. Katika kambi ya Dzaleka, nchini Malawi. Na huko Aleppo, nchini Syria. Vita vya Syria vilipopamba moto, kazi ya Aleppo ilihamia Amman, Yordani. Wanafunzi wa sehemu hizo walisoma pamoja mtandaoni, wakifundishwa na walimu wa vyuo vikuu vya mbali, na diploma yao ilitolewa na Chuo Kikuu cha Regis cha Denver, Marekani. Kwetu sisi watu wa Kivu habari hiyo si ya ugenini. Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza. Leo inakaliwa na watu zaidi ya 50,000, na wengi wao ni Wakongo, wamo na wa kutoka Fizi na Uvira. Kilichotugusa katika mpango ule ni kwamba wanafunzi hawakupewa kompyuta na kuachwa. Walikuwa na chumba cha kusomea, walikuwa na mtu wa kuwasaidia papo hapo, na ng'ambo ya mipaka walikuwa na wenzao wa darasa waliokuwa wakingoja jibu lao.

Kozi tuliyosoma sisi ilikuwa nyingine, fupi, ya majuma kumi, juu ya afya ya jamii. Ilianza Januari 2025. Waandalizi waliwagawa wanafunzi katika timu za watu sita, na kila timu ilitakiwa kutoa kazi moja ya pamoja. Katika timu yetu tulikuwa sisi watatu wa Bukavu. Dada mmoja wa Uvira aliyekuwa akisomea uuguzi. Ndugu mmoja wa Dzaleka, mzaliwa wa Fizi. Na kijana mmoja wa Sudan Kusini aliyekulia Kakuma. Kozi ilikuwa kwa Kiingereza. Sisi wa Kongo tulisoma kwa Kifaransa tangu utotoni, na yule wa Kakuma hakujua Kifaransa hata neno. Kiswahili kikawa daraja letu.

Hata daraja hilo lilihitaji kukarabatiwa. Ugonjwa ambao sisi tunauita kolera, mwenzetu wa Kakuma aliuita kipindupindu. Chombo cha manjano cha kuchotea maji, ambacho kwetu ni bidoni, yeye alikiita mtungi, na yule wa Dzaleka, aliyekaa na Watanzania, alikiita dumu. Jioni ya kwanza ilipita yote katika kuulizana maneno. Mmoja wetu alidhani tunapoteza muda. Baadaye tuliona kwamba jioni ile ndiyo iliyotuonyesha kwamba neno nililozaliwa nalo si neno la watu wote, na kwamba yule asiyenielewa si lazima awe mjinga.

Saa nazo zilitudai subira. Bukavu, Uvira na Dzaleka hutumia saa moja, bali Kakuma hututangulia kwa saa moja. Kozi yenyewe ilihesabu siku kwa saa ya Greenwich, hivyo usiku wa manane wa kuwasilisha kazi ulikuwa saa nane ya usiku kwetu, na saa tisa ya usiku kwa mwenzetu wa Kakuma. Tena Mswahili akisema saa mbili usiku, mwalimu wa ng'ambo huandika saa ishirini. Tukakubaliana kukutana Jumanne na Ijumaa, saa mbili usiku ya Bukavu, na kutaja jina la mji kila tutajapo saa.

Kisha palikuwa na suala la umeme na la mega. Mnayajua maisha yetu: mji wetu uko karibu na mabwawa ya Ruzizi, lakini yako mitaa ambayo umeme huipitia usiku tu, watu wamelala. Mkutano wa video wa saa nzima hula mega mia kadhaa; ujumbe wa sauti wa dakika moja haufikishi hata mega moja; ujumbe wa maandishi hauli karibu chochote. Kwa hiyo tuliamua kwamba timu yetu itazungumza kwa maandishi. Mwenye mtandao mzuri siku hiyo alipakua somo, akaandika muhtasari mfupi na kuutuma kwa wote. Hapa Bukavu tulipashana mafaili ya somo kutoka simu hadi simu, bila kupitia intaneti. Wawili kati ya timu wangeweza kumudu video. Hawakuidai hata mara moja. Huo ulikuwa mwanzo wa kungojana, ingawa wakati huo hatukuuita kwa jina hilo.

Mtauliza: je, kuna faida gani ya kujisumbua hivyo, ikiwa kila mmoja angeweza kusoma masomo yaleyale peke yake? Tuwape mfano mmoja, kwa sababu ndio uliotufungua macho.

Kazi yetu ya pamoja ilikuwa kuandaa waraka wa kufundishia familia namna ya kujikinga na kolera, na namna ya kumsaidia mgonjwa kabla hajafikishwa kituo cha afya. Kolera huua kwa kukausha mwili: maji na chumvi humtoka mgonjwa kwa kasi, na asiporudishiwa anaweza kufa katika muda wa saa chache. Kwa hiyo somo lilitupa kipimo kinachojulikana duniani kote: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Sisi wa Bukavu tuliandika sentensi hiyo na kuendelea mbele. Ilikuwa wazi.

Mwenzetu wa Kakuma akauliza: «Kijiko gani? Na hiyo lita mnaipimia nini?»

Tulinyamaza, kisha tukatoka kwenda kuuliza majirani. Katika nyumba nyingi tulizoingia kulikuwa na vijiko vikubwa vya kulia chakula tu, na kijiko kikubwa hubeba mara tatu ya kijiko kidogo. Mama akitumia kijiko kikubwa kwa chumvi, mchanganyiko unakuwa mkali, na kwa mtoto mchanga jambo hilo ni hatari. Chupa ya lita moja ilikuwa adimu. Iliyopatikana zaidi ni chupa ya plastiki ya maji ya kununua, ya lita moja na nusu. Kule Dzaleka walikuwa na chupa za lita moja za mafuta ya kupikia. Kakuma walikuwa na majagi ambayo hakuna ajuaye ujazo wake. Ikabidi waraka wetu ueleze chombo kwa chombo: chupa ya lita moja na nusu ijazwe hadi theluthi mbili na kuwekwa alama, kijiko kiwe kile cha kukorogea chai, na kama hakipo, familia iende kituo cha afya kuomba pakiti zilizokwisha kupimwa, badala ya kukisia. Dada wa Uvira akaongeza yale anayoyajua mtu wa ukingo wa Tanganyika: bomba likikauka watu hurudi ziwani, hivyo haitoshi kuwaambia wasinywe maji ya ziwa, lazima waambiwe pia wafanye nini na maji hayo siku ambayo hakuna mengine.

Swali lile la kijiko lisingetoka kwetu. Lilitoka kwa mtu anayekaa mbali, ambaye hawezi kuona jikoni mwetu, na kwa hiyo hakuweza kuchukulia lolote kuwa la kawaida. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hii ndiyo hazina ya timu ya mtandaoni, na haipatikani kwa kusoma peke yako: ukimweleza jambo mtu asiyeishi kwenu, unagundua kwamba ulilijua nusu tu. Mwalimu alitupa maarifa. Mwenzetu wa mbali alitulazimisha kuyaelewa.

Halafu ikaja Februari. Katikati ya mwezi huo vita vilifika mjini mwetu. Yaliyotokea siku zile mnayajua, na wengi wenu mliyapitia. Hatuna haja ya kuyasimulia hapa. Tuseme tu yale yanayohusu masomo. Mtandao ulikuja na kuondoka. Umeme vilevile. Benki zilifungwa, fedha zikawa ngumu, na aliyekuwa na faranga mkononi alinunua unga kabla ya kununua mega. Zaidi ya hayo, hakuna aliyekuwa na moyo wa kusoma. Kwa siku kumi na moja hakuna hata mmoja kati yetu watatu aliyeandika neno katika timu. Wakati huohuo dada wa Uvira alivuka na familia yake kuingia Burundi, kama walivyofanya watu maelfu. Alituma ujumbe mmoja wa sauti kwa simu ya kuazima, wa chini ya dakika moja, akisema wako hai. Kisha naye akanyamaza.

Kazi ilitakiwa kuwasilishwa mwisho wa mwezi. Kwa kanuni za kozi, mwanatimu asiyeshiriki kwa majuma mawili jina lake huondolewa. Waliobaki hewani walikuwa wawili tu, mmoja Kakuma, mmoja Dzaleka. Tulipopata tena mtandao tukafungua simu, tuliwakuta wamejadiliana bila sisi, na mjadala wao tuliusoma kuanzia juu hadi chini.

Ndugu wa Kakuma alikuwa ameshika upande wa kanuni. Aliuliza: tukikosa tarehe, timu nzima itaanguka, je, wale watatu wa Bukavu watafaidika nini na kuanguka kwetu? Hoja yake ilikuwa ya haki, na hatukuona uchungu kuisoma. Yule wa Dzaleka alimjibu kwamba yeye mwenyewe aliwahi kunyamaza namna hiyo, miaka ya nyuma, njiani kutoka Fizi, na kwamba katika siku kama hizo jambo linalomvunja mtu moyo zaidi ni kugundua kwamba waliobaki wamekwisha kugawana nafasi yake. Walibishana siku mbili. Hatimaye walikubaliana mambo matatu. Kila mmoja angemaliza sehemu yake kabla ya tarehe. Sehemu zetu zingeachwa wazi, kila moja na jina la mwenyewe juu yake. Na wangemwandikia mwalimu kumweleza hali, wakiomba muda.

Mwalimu aliwapa juma moja zaidi.

Tena, kila siku, yule wa Kakuma, aliyetetea kanuni, alituandikia ujumbe mmoja mfupi wa maandishi, akijua kwamba ujumbe mfupi utakuwa wa kwanza kuingia mtandao ukirudi. Haukuwa ujumbe wa pole. Ulisema tu kazi imefika wapi. Siku ya tatu: sehemu ya visima imekwisha, yenu bado ni yenu. Siku ya saba: mwalimu ametoa juma moja, yenu bado ni yenu. Siku ya kumi na moja tulisoma zote kwa mfululizo, na mmoja wetu akasema kwamba amesikia watu wakiomba amani kwa ajili yetu, na ameshukuru, lakini hajawahi kusikia mtu akimwambia kwamba nafasi yake ingali ipo.

Tulimaliza sehemu zetu kwa usiku nne, tukichaji simu kwa zamu kwa jirani mwenye sahani ya jua. Waraka uliwasilishwa kwa wakati uliosogezwa. Sehemu ya dada wa Uvira tuliijenga kutokana na ujumbe wake wa sauti wa mwezi wa Januari, tukiandika neno kwa neno alilolisema juu ya maji ya ziwa, na jina lake likabaki juu ya kazi pamoja na ya kwetu. Lakini mtihani wa mwisho ulikuwa wa kila mtu peke yake, na kwa huo hatukuweza kufanya chochote. Kozi ilifungwa kabla hajapatikana. Vyeti vilivyotoka vilikuwa vitano.

Tumeyatafakari haya mara nyingi, na hatutaki kuyapamba. Kungojana kuna mipaka. Tarehe hufika, mlango hufungwa, na yuko atakayebaki nje bila kosa lake. Hata hivyo tunaona tofauti kubwa kati ya kundi lililomaliza kwa sababu lilimsahau mmoja, na kundi lililomaliza likiwa limeshika jina lake mpaka mwisho.

Jambo hili si geni katika Kanisa. Mtakatifu Paulo alizifundisha jumuiya ambazo hakuweza kukaa nazo, na nyingine, kama ile ya Roma, alikuwa hajapata kuitembelea alipoiandikia. Mkono ulioiandika barua kwa Warumi ulikuwa wa Tertio, ambaye hata anawasalimu wasomaji humohumo; kwa hiyo hata barua ile kubwa haikuwa kazi ya mtu aliyejifungia peke yake. Naye Paulo huyohuyo, akiwaonya Wakorintho juu ya namna walivyokula walipokutanika, wengine wakishiba na wengine wakibaki na njaa, aliwapa agizo fupi: wangojane. Tulikuwa tumelisikia agizo hilo tangu katekesi. Tuliona uzito wake tulipokuwa sisi tunaongojwa.

Na wazee wa Bukavu wanakumbuka mwaka 2000. Februari ya mwaka ule Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko alizuiwa kurudi mjini, akapelekwa Butembo, na akakaa huko karibu miezi saba. Aliwaandikia waamini wake kutoka uhamishoni, nao waliyasoma maneno ya mchungaji wasiyeweza kumwona. Alirudi Septemba, na tarehe 4 Oktoba akafariki dunia huko Roma. Jimbo zima lilijifunza wakati ule kwamba umbali hauvunji jumuiya, ikiwa yuko anayeandika, na yuko anayemwekea nafasi yake.

Tukirudi katika masomo, tungependa kuwaachia mambo machache tuliyoyaona yanafaa, kwa vikundi vinavyotaka kujaribu.

Anzeni na watu wachache, wanne hadi sita. Wakizidi hapo, mmoja anaweza kunyamaza juma zima bila mtu kutambua. Siku ya kwanza msianze na somo. Anzeni na vikwazo. Nani anatumia simu moja na mama yake? Nani hupata umeme usiku tu? Nani atashindwa kununua mega mwisho wa mwezi? Mambo haya huonewa haya, na anayeyaficha ndiye atakayetoweka wa kwanza. Yakishasemwa mbele ya wote, yanakuwa mzigo wa timu, na mzigo wa timu unabebeka.

Chagueni njia ya mawasiliano inayomfikia aliye chini kabisa, hata kama wengine wana uwezo wa njia nzuri zaidi. Wekeni nakala ya kila somo na ya kila kazi mahali pasipohitaji intaneti. Tunakumbuka jinsi intaneti ilivyokatwa nchini kote kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, kwa karibu majuma matatu. Kila juma, mtu mmoja aeleze somo kwa maneno yake mwenyewe, na wengine wamuulize maswali ya kijiko. Katibu wa juma aandike mmefika wapi, ili anayerudi asilazimike kusoma jumbe mia mbili.

Tena, kubalianeni mapema mtakavyofanya mmoja wenu akinyamaza: mtamngoja siku ngapi, nani atamwandikia, nani atazungumza na mwalimu, na jina lake mtalifanyaje. Ni vigumu kuamua hayo vizuri wakati hofu imekwisha kuingia. Wenzetu wawili walibishana siku mbili kwa sababu kozi ilikuwa na kanuni na timu haikuwa na agano.

Hapa inabidi tuwe wakweli juu ya jambo moja. Kungojana kunaweza kugeuzwa kuwa kichaka cha wavivu. Yuko asiyeandika kwa sababu vita viko mlangoni pake, na yuko asiyeandika kwa sababu anajua wengine wataandika. Ukimya wao hufanana kwenye simu. Dawa yake ni kuuliza kabla ya kuhukumu, na kuuliza kwa ujumbe wa mtu kwa mtu, si mbele ya kundi lote. Mwenye kikwazo atasema kikwazo. Mwenye uvivu ataona haya, na wakati mwingine haya hiyo ndiyo itakayomrudisha kazini. Asiyejibu kabisa, tumhesabu kwanza kuwa na kikwazo. Tukikosea kwa njia hiyo, hasara ni ndogo kuliko kukosea kwa njia nyingine.

Parokia nazo zinaweza kusaidia bila gharama kubwa. Chumba kimoja jioni mbili kwa juma, sahani moja ya jua, meza, na mchango wa mega kutoka shirika: hayo yangetosha kuwapa vijana kumi mahali pa kusomea pamoja kozi ambazo sasa wanaziacha mmoja mmoja, kila mtu kwao, kimya kimya. Vyuo vyetu vya hapa, kama Chuo Kikuu Katoliki cha Bukavu kilichoanzishwa mwaka 1989, haviwezi kupokea kila anayetaka kusoma. Kozi za mtandaoni haziwezi kushika nafasi ya vyuo hivyo. Zinaweza kumfungulia mlango aliyebaki nje, akipata watu wa kuingia nao.

Mwezi wa Juni dada wa Uvira alijibu. Tulikuwa tumezoea kumwandikia mara moja kwa mwezi kwa namba yake ya zamani, kwa zamu, bila kutegemea jibu. Alikuwa katika kambi ya wakimbizi nchini Burundi. Simu yenye masomo yake ilikuwa imepotea njiani. Hakuuliza juu ya cheti. Aliuliza kama waraka ulikamilika, na kama tunaweza kumtumia, kwa maana pale kambini maji ni ya shida na akina mama wanamuuliza yeye, kwa kuwa wamesikia alikuwa akisomea uuguzi. Faili lisingepita kwenye simu aliyoiazima. Tukaugawa waraka katika jumbe fupi za maandishi, kurasa zote nane, tukaanza na ile ya kijiko.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika kikundi chetu, ni nani tuliyeacha kumwona katika miezi hii mitatu? Je, yuko aliyemwandikia?
2. Mawasiliano yetu yamepangwa kwa kipimo cha nani: cha mwenye simu nzuri, au cha asiye nayo?
3. Ni jambo gani tunalodhani tunalijua vizuri, ambalo mtu wa mbali angetuuliza «kijiko gani?»
4. Tungeweza kuanza na kozi gani moja, na parokia yetu ingetoa nini ili tuisome pamoja?